Salamu ya Siku ya Tano

Mirihi ni nyekundu, Nunge ni nyeupe.
Tulikubaliana kutoona rangi.
Tulikubaliana pia kwamba hakuna hewa,
ingawa upepo ulituangushia turubai mara mbili
kabla hatujamaliza kufunga kamba.

Tulikuwa wanne ndani ya kuba la mabomba:
Restituta, nahodha, mwalimu wa jiolojia;
Mbaruku wa mitambo, aliyekoroma kama jenereta;
Shekivuli, tabibu, mpima mapigo na mficha sigara;
na mimi, mwandishi wa daftari la safari.
Maji lita tatu na nusu kwa kichwa:
kunywa, kupika, kunawa uso.
Kofia zetu ni ndoo zilizokatwa dirisha,
na mgongoni feni ya kompyuta, betri ya bodaboda,
ikitupulizia pumzi ya kuazima.

Kituo cha Dunia kilikuwa chumba namba sita
katika nyumba ya wageni pale Dunda.
Ungeweza kwenda kwa miguu, ukarudi, chai haijapoa sana.
Lakini kila neno lilizuiliwa dakika kumi na tatu
kwa saa ya ukutani,
lipate uchovu wa njia ndefu.
"Mmeamkaje?" waliuliza.
Jibu likifika, wameshasahau swali.

Adhana ya alfajiri niliandika: *sauti; chanzo hakijulikani.*
Kaa waliotoboa mashimo kando ya kuba: hatukuwaona.
Harufu ya mtu akikaanga dagaa mahali fulani:
usiandike, alisema nahodha,
akameza mate.

Siku ya tano, saa nne, jua limeanza kuuma,
mimi na Mbaruku tuko nje,
tukibandua ganda la chumvi kwa koleo
kana kwamba lingetushika mkono.
Akaja mama mmoja juu ya tuta,
pekupeku, kanga kiunoni, beseni la chumvi kichwani
likimtiririshia maji machungu begani.
Sayari yetu isiyo na uhai ilimbeba bila kulalamika.
Alisimama. Akatutazama toka ndoo hadi buti.
Hakucheka. Akasema,
"Habari za kazi, wanangu?"

Kanuni ya kumi na moja: kule hakuna mtu.
Asiyekuwepo hajibiwi.
Nilisikia feni yangu ikizunguka.
Mbaruku aliinamia jiwe kama amelizaa.
Mama akangoja,
muda ambao hata kiziwi hupewa,
kisha akasema taratibu, si kwetu, kwa beseni lake:
"Haya. Pengine wamefiwa."
Akaenda.

Usiku nilishika kalamu.
*Saa 4:10. Kiumbe kimoja.* Nikafuta.
*Upepo.* Nikafuta.
Karatasi imetoboka pale hadi leo.
Shekivuli akanipima mapigo, akasema yamepanda,
akasingizia chumvi.

Siku ya kumi na nne tulifungua zipu bila kuhesabu.
Walikuja na soda, na mpiga picha, na hotuba.
Nikavua ndoo, nikavua buti,
nikashika tuta.
Ganda lilinikata nyayo kila hatua.
Wiki mbili nimelipima, nimelionja, nimelipa namba,
na hilo sikuwa nalijua.

Nilimkuta jaruba la tatu, akikokota chumvi kwa reki ya mbao.
"Nzuri," nikasema, hata shikamoo nikaisahau.
"Habari za kazi ni nzuri, mama."
Alisimamisha reki. Nadhani alihesabu siku.
"Umetoka nalo mbali, hilo jibu."
Kisha, kwa sauti ya kumpa mtu pole:
"Na matanga je, mmemaliza?"

Niligeuka. Kule nyuma kuba letu lilikuwa dogo,
Mbaruku juu ya bomba akivuta kamba,
turubai likishuka upande mmoja, likijaa upepo.

"Tunaanua leo," nikasema.