Mpangaji

Sindano zilikaa mlangoni mwa friji,
kando ya haradali.
Saa tatu usiku Eilidh alifinya ngozi chini ya kitovu,
nami nikimhesabia hadi kumi, kwa Kiswahili,
nikiruka saba ili yaishe upesi.

Mayai tisa. Likashika moja.
Likahama kwake, likaja kupanga kwangu.

Leo, Dundee, theluji imegeuka tope.
Mkunga akainua kalamu: mama ni yupi?
Tukaitika sote.
Karatasi ina mstari mmoja.

Usiku mtoto anapiga teke. Eilidh ameegesha sikio:
"Pupa hii ni ya kwetu," anasema.

Haya, pupa ni ya kwao.
Lakini hii hamu ya ndimu kwa chumvi
kaijulia humu.