Jumamosi, Saa Nane, Evert

Nimeshaomba ruhusa ya Jumatatu, shemeji.
Mkuu wa shule kaniuliza, "Una mgonjwa?"
Nikamwambia, "La. Nina sherehe."
Watoto mia mbili na kumi watakula samaki
wa mkono mwingine, chumvi pungufu,
watanisamehe.

Mwaka jana mlitutoa dakika ya tisini na tatu.
Sikatai. Kona ile ilikuwa halali yenu.
Sixten wetu, mtoto wa fundi bomba,
alirudi nyuma hatua moja, moja tu,
mpira ukamgonga gotini, ukaingia polepole
kama mgeni ajuaye hakualikwa.
Kilomita mia na arobaini ndani ya basi
hakuna aliyekohoa.
Dereva alizima redio bila kuombwa.
Na wewe, kabla hatujafika daraja la Storåbro,
ukanitumia picha ya keki:
kijani na njano, rangi zetu,
kisu kimesimama katikati.

Wahenga walisema
asiyekubali kushindwa si mshindani.
Haya, nilikubali.
Nilikubali Krismasi, nikakubali Pasaka,
nilikubali hata siku ya mazishi ya mama yenu
uliponiegemea begani, ukanong'ona, "Tatu moja."
Zamu yangu ya kukubali imekwisha.

Sasa sikiliza.
Dirisha la jiko la shule linatazama uwanja wa mazoezi.
Kiangazi kizima, jua likigoma kuzama,
nimesugua masufuria huku nikimwona Sixten,
ametoka kiwandani, vumbi la mbao nyusini,
anapiga kichwa, anapiga kichwa, anapiga kichwa,
mpaka mbwa wa jirani akachoka kubweka.
Mguu wake haurudi nyuma tena.
Nimeuhesabu.

Na golini tunaye Aslak.
Kwao ni wafugaji; tangu ana miaka sita
anakimbiza wanyama gizani, kwenye upepo.
Mpira wenu kwake ni ndama aliyepotea.
Ataushika masikio, ataurudisha zizini.

Winga wenu yule mwenye viatu vya dhahabu?
Mzuri. Nampenda, Mungu anisamehe.
Ila hajawahi kucheza kwetu mwezi wa Novemba.
Tangu Jumatano tunapiga koleo, wazee kwa vijana,
mgongo wangu unalia kama mlango wa ghala.
Theluji haina timu,
lakini uwanja una wenyewe.

Usidhani sina hofu.
Ninayo. Nimeiweka chini ya sinki,
karibu na sumu ya panya, nimefunga kabati.
Saa tisa usiku inagonga.
Jana niliamka, nikasimama peku sakafuni,
nikaliona goti lile tena, na ule ukimya wa basi.
Mpira unadunda, najua,
haujali nani kaomba ruhusa.
Nikanywa maji. Nikaiambia hofu, "Lala, mama, kesho kazi."
Nikalala mimi. Yenyewe sijui.

Ahadi ni ahadi.
Mkishindwa, Jumapili ya kwanza ya Majilio
utasimama kwenye kwaya na skafu yetu shingoni,
uimbe besi yako yote, kijani mpaka kidevuni,
na mchungaji nimeshamwarifu.
Tukishindwa sisi, nitaipaka rangi boti yako.
Sijanunua brashi.
Dukani zilikuwepo, nikazipita.

Njoo mapema, maegesho yatajaa.
Saa nane taa zitakuwa zimewashwa, mchana kwetu ni mfupi.
Keki ipo tayari, nyekundu na nyeupe,
rangi zenu, sukari nimezidisha.
Kisu nimekinoa.
Sahani uje nayo.

Na vaa soksi mbili mbili, shemeji:
watabiri wanasema nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
na huku kwetu
chozi haliwahi kufika kidevuni.