Mji wa Mashoto

Duluth, Februari. Ziwa limeganda hadi macho yanapokoma.
Chizuru Brandvold yuko ghorofani, juu ya fundi viatu,
soksi mbili mbili miguuni,
anafasiri manga (si ile ya pilipili),
manga ya Bwana Kuramochi wa Niigata,
kurasa mia mbili na nne, juzuu ya kwanza.

Kitabu hufunguliwa kwa nyuma.
Jicho huanzia kulia, likasogea kushoto,
kama mtoto wa chuoni, kidole chini ya alifu.

Kazi yenyewe ni ya kubana. Puto la maneno
lilichorwa refu, jembamba, kwa herufi zinazoteremka kama mvua;
sasa limeze Kiingereza, kinachopenda kulala chali.
Anakata. *Niwie radhi sana kwa kukusumbua*
inakuwa *Samahani*.
Anakata tena. Inabaki shingo iliyoinama,
na shingo ilikwisha kuchorwa.

Halafu ukurasa wa arobaini na moja:
theluji, lango, hapana mtu,
na herufi kubwa zinazotoa sauti ya kukosekana kwa sauti.
Kiingereza kikakuna kichwa.
Mimi ningemwazima: *jii*.
Kimya jii. Lakini hanijui.
Akaiacha theluji ijisemee.

"Tukigeuze," akasema Lowell Pruitt wa mauzo, kwa simu, toka Chicago.
"Mtu akifungua akakuta mwisho, atakirudisha rafuni.
Kila ukurasa upigwe kioo.
Na huyo mtoto anakula nini, tonge la wali?
Andika keki. Wali hauuzi kitabu Nebraska."

Keki aliimeza. Kioo kilimkwama kooni.
Maana hadithi nzima imening'inia kwenye mkono mmoja:
mji wa vinyozi, wote mkasi wanaushika kwa kulia,
isipokuwa mama, aliyekimbia madeni binti akiwa wa miaka minne.
Miaka kumi na sita baadaye, stesheni imefurika,
binti anamwona mwanamke aliyejifunika skafu
akimenya chungwa
kwa kushoto.
Basi. Hakuna upanga, hakuna zimwi.
Chungwa, kisu, mkono.

Akamwandikia Lowell kurasa tatu.
Lowell akajibu mstari mmoja:
*Nani atatazama mikono?*

Kikachapwa. Mji wote ukawa wa mashoto.
Mioyo ikahamia upande wa pili wa vifua,
saa ya stesheni ikarudi kinyumenyume,
kimono zikakunjwa kulia juu ya kushoto,
jinsi wanavyovishwa maiti.
Na mama, maskini, akabaki peke yake na mkono wa kulia,
ambao kwa lugha hii ni mkono wa kula,
na ukiusikia vibaya, wa machozi.

Nakala elfu mbili na mia tatu.
Zilitoka mia sita. Nyingine zikalala ghalani.

Septemba ikaja bahasha,
wino umeburuzwa na kiganja mstari kwa mstari.
Odessa Vrbka, miaka kumi na moja, Nebraska:

*Bibi mfasiri, nyanya yangu hunitoa kijiko mkononi
akakihamishia mkono mwingine, kila siku, mbele ya wageni.
Sijapata kuona mji ambao wote wako kama mimi.
Nimeusoma mara tisa. Yule mama nilimhurumia,
yuko peke yake na mkono wake.
Japani ni hivyo kweli? Mtu anaweza kuhamia?*

Chizuru akaanza kuandika ukweli. Akafuta.
Akauanza kwa Kijapani. Akafuta.
Kule ziwani meli ya chuma ikapiga honi, ndefu, kisha fupi.

Akachukua chungwa. Akahamisha kisu.
Akalimenya vibaya, ganda likikatika vipande,
maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.
Kisha, kwa mkono ule ule ulionata,
kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza,
akaandika *Mpendwa Odessa*,
akaweka mkato,

na baada ya mkato, jii.