Saba Mara Nane

Ubao ulibaki.
Paa lilikwenda, madawati yalikwenda,
kanisa la Hinagdan likasalia mlango usio na ukuta,
na minazi yote ya kilimani ililala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa na mama mwenye hasira.
Ila ubao tuliukuta kifudifudi juu ya kabati.
Tukauinua watu watatu,
na hesabu za Alhamisi zilikuwa zingalipo,
zimefifia, hazijafutika:
7 × 8 = 54,
mwandiko wa Rodelio Bagunas,
ile nne yake yenye mguu mrefu.

Nilimwambia tutaisahihisha Ijumaa.

Alhamisi ile redio ilitaja jina la kitu
ambacho Kiwaray hakina neno lake.
Sisi tulisikia upepo. Tukafunga madirisha,
tukafunga kuku, tukafunga paa kwa kamba ya meli.
Laiti wangesema tu: bahari itapanda ngazi.
Itabisha hodi kwa bega.

Husemwa baada ya dhiki faraja.
Faraja ilifika siku ya tano, panga zikizunguka kichwani,
ikatuzunguka mara mbili, ikaogopa kutua,
ikatudondoshea maboksi shambani kwa Abundio.
La kwanza: makoti ya sufu.
La pili: viatu vya mchuchumio,
vingi vyao vya mguu wa kushoto.
Teofila akavaa koti juani, jasho likimtiririka,
akacheka mpaka akakaa chini,
na alipokwisha kukaa hakuwa tena anacheka.

Siku ya saba wakaja wanajeshi kwa mashua ya mpira:
mchele, dagaa wa kopo, vidonge vya kusafishia maji.
Koplo Magbanua akanikabidhi fomu.
Jina la mkuu wa kaya. Namba ya nyumba. Sahihi.
Nikamwambia, Koplo, namba kumi na tisa iko baharini,
namba ishirini iko juu ya namba thelathini.
Akavua kofia. Kijana mdogo,
midomo imepasuka kwa chumvi.
Andika tu, mwalimu. Bila orodha mchele haushuki.

Fomu zililowa mkononi, nikaandika ubaoni,
kandokando ya hesabu, bila kuzigusa.
Kijiji chetu kilikuwa safu saba, nyumba nane kila safu;
hata mlevi hakupotea.
Nikaita kaya moja moja,
na watu wazima wakaitika kama wanafunzi,
wengine wakinyoosha mkono.
Walikuja na ndoo, na sufuria zisizo zao,
Nay Tinang alikuja na foronya.
Mchele tuliupima kwa kopo la rangi.
Wawili waligombania dagaa wa kopo lililobonyea kidogo tu,
siwalaumu,
hata mimi nilikuwa nimeshalitazama.

Jumla ngapi? akauliza Koplo.
Nikahesabu alama. Nikahesabu tena kutoka chini.
Safu saba, nyumba nane nane,
na safu ya pwani, mahali pawili,
nimeita mara tatu tatu hakuna aliyeitika:
kwa akina Cadano
na kwa akina Bagunas.

Sikuandika jibu.
Lilikuwa limeshaandikwa pale juu, kushoto.
Koplo akalinakili, akanishukuru,
akasema nina mwandiko wa kitoto.

Jioni wauguzi wakaja kuuomba ubao;
walitaka kitu kigumu cha kumlazia mtu aliyevunjika nyonga.
Miaka ishirini na miwili nimefundisha hesabu
na sikuwahi kuacha kosa lilale ubaoni.
Chukueni, nikasema.
Ila ngojeni Teofila alete lile koti,
mtandike kwanza.