Wamehamisha Kitufe

Jana nilipofunga duka saa mbili usiku
niliacha kila kitu mahali pake:
printa konani, na kile kitambaa alichofuma mama,
na ndani ya kompyuta, chini kushoto,
kitufe changu.

Leo nafungua, chai bado inaniunguza ulimi,
skrini inaniambia Karibu.
Karibu!
Kama mgeni aliyeingia kwangu usiku,
akasogeza makochi, akala kiporo changu,
kisha asubuhi akanifungulia mlango.

Kitufe wamekipeleka katikati.
Maneno yameondoka, vimebaki vipicha:
pipa, mkasi,
mshale usiosema unakwenda wapi.
Neno "Chapisha" sijui wamelizika wapi.
Miaka kumi na mmoja vidole hivi havikuuliza njia,
sasa vinapapasa kama mtu aliyezimikiwa na stima
akitafuta kibiriti katika nyumba ya jirani.

Kwenye benchi Bwana Nyaberi ameshika bahasha magotini.
Hati ya kiapo; kitambulisho kilipotelea Gikomba,
na wakili Jumamosi hufunga saa sita.
"Bado, dada?"
Bado.
"Kwani imeharibika?"
Haijaharibika. Imeboreshwa.

Nampigia Kibiwott, fundi wa pale Luthuli,
kijana asiyepandisha sauti hata akidaiwa.
"Auntie Velma, utazoea."
Neno hilo linaniudhi kwa kuwa ni kweli.
Nilizoea mwenye jumba alipohamishia choo ghorofa ya nne.
Lakini yeye alikuja, akasimama hapo mlangoni,
nikamweleza yote yaliyonijaa kifuani,
akainama, akakuna shingo.
Huyu wa leo nimfokee wapi?
Pembeni kumetokea kisanduku, kinauliza: Umefurahia?
na nyuso tatu za kuchagua,
zote zinatabasamu.

Saa tano na nusu.
Bwana Nyaberi amechoka na benchi, amekuja nyuma yangu,
ananukia sabuni ya kipande na mvua.
"Hivyo vidoti vitatu," anasema,
"vinangoja nini?"
Nabonyeza kwa hasira, ili nimwonyeshe kuwa si hapo.
Ni hapo.
Printa inakohoa, inatema kiapo chake
kikiwa na joto la mkate.
Ananipa hamsini, anashuka ngazi mbio, mzee mzima.

Nakata kipande cha boksi, naandika kwa kalamu nyekundu:
CHAPISHA NI VIDOTI, JUU KULIA.
Nakibandika ukingoni mwa skrini
juu ya kile cha zamani, na kile cha kabla yake,
vyote vinaelekeza njia za mahali pasipokuwepo tena.

Mteja mwingine anaingia, mwanafunzi, ana barua ya kuomba kazi.
Kidole changu, bila kuniuliza,
kinakwenda chini kushoto.
Hakuna kitufe. Kuna kijiwingu.
Nairobi, kinanieleza, nyuzi kumi na tisa, manyunyu.

Kana kwamba chumba hiki hakina dirisha.