Daftari la Nabintu

Timu yetu, Radi ya Cimpunda, haina kabati la vikombe.
Ina daftari moja la madeni,
jalada la bluu, limechanika mgongoni,
linanuka sabuni na sambaza wakavu.

Bibi yangu Nabintu aliuza unga, chumvi, kiberiti,
juu kidogo ya uwanja, mlango ukitazama goli la Kadutu.
Karatasi ilikuwa ghali.
Alichokopa mtu na alichofunga
vilikaa mstari mmoja:

Murhula, mabao mawili. Sukari, nusu kilo.
Cirhuza, bao moja, kichwa. Mafuta ya taa, chupa.
Balagizi kipa, kafungwa manne. Hakukopa. Aliona haya.

Wewe usiyeujua uwanja wetu, sikia:
Bukavu haijui tambarare.
Uwanja umeinama kama paa la bati,
ukiudondosha mpira unaondoka wenyewe kuelekea ziwani,
na kipa wa chini huanza mechi ameshakata tamaa.
Ndiyo maana bibi alikuwa na sheria yake,
ambayo hakuna shirikisho lililowahi kuiandika:
bao la kuteremka, mstari mmoja chini yake;
bao la kupanda, miwili.
Mlima, alisema, nao ni beki.

Hesabu nimeifanya mimi, usiku tatu, kwa taa ya simu.
Murhula: mia moja thelathini na moja.
Hakuna aliyemfikia, wala anayemkaribia.
Lakini yenye mistari miwili ni ishirini na mawili tu.
Cirhuza, yule mfupi
aliyepandisha magunia ya mchanga mgongoni kutoka Ruzizi
siku sita, ya saba akacheza:
sabini na manne. Hamsini na moja ya kupanda.
Kwa namba hizi ndugu wa tumbo moja
wamevunjiana vikombe vya kasiksi.
Bibi akiulizwa nani mkubwa, alijibu:
"Nani kalipa?"

Kuna kurasa kumi na moja, kuanzia Oktoba ya tisini na sita,
zenye tarehe tu, Jumapili baada ya Jumapili.
Hakuna bao.
Hakuna deni.
Ukurasa wa kumi na mbili, wino wa rangi nyingine:

Cirhuza, bao moja, kupanda. Viatu vya kuazima.
Watazamaji tisa.
Chumvi, kijiko. Bure.

Mwaka jana Murhula alirudi kutoka Kalemie,
goti limekufa, kofia mkononi.
Hakuuliza rekodi. Aliuliza sukari.
Miaka thelathini na miwili, nusu kilo ileile,
ya siku ya mabao mawili dhidi ya vijana wa Bagira.
Akapanga noti mezani, moja moja,
kama mtu anayetoa mahari.
Bibi hakukataa. Kukataa kungekuwa tusi.
Akavaa miwani, akalamba kidole, akafungua,
akakata deni. Ila mkono wake siku hizi hutetemeka:
mstari ulianzia mbali mno, kwenye mabao,
ndipo ukafika kwenye sukari.

Wakautazama. Kuku akaingia, akatoka.
"Uache hivyohivyo, Mama," Murhula akasema.
"Lile la pili liligonga paja la Cirhuza.
Mimi nilishangilia kwanza, basi."
Cirhuza yuko makaburini mwaka wa sita.
Hakuwahi kulidai.

Sasa ninanakili kwenye daftari jipya.
Mia na thelathini na moja? Thelathini?
Au niutii mstari wa bibi, niyafute yote mawili?
Nimeandika jina, Murhula, na mbele yake,
kwa sasa: amelipa.

Kwa Cirhuza nimeongeza moja, kwa penseli.
Nikamuuliza bibi, siku ile tulikuwa tunateremka au tunapanda?
Alikuwa anapima unga, hakugeuka.
Akanyoosha vidole viwili.