Bado Nini

Kwenye paji la lori langu paliandikwa BADO NIPO,
herufi nyekundu, kila moja na kivuli chake cheusi,
kazi ya kijana mmoja wa Tunduru
aliyetaka rangi ilipwe kwanza.
Mwezi wa pili, daraja likiwa limekatika,
tulipitishwa mashambani, katikati ya mikorosho,
na tawi lisilozidi unene wa mkono wangu
likaivunja ile kofia katikati
kama kopa la muhogo.

NIPO ikabaki kule.
Mimi nikaendelea na BADO.

Wiki kumi na moja, Songea hadi bandarini,
makaa ya mawe mgongoni, BADO usoni.
Askari wa mizani: "Bado nini, dereva? Bado hujalipa?"
Watoto wa Nangoo, mbio kandokando: "Bado! Bado!"
Hata mama mkwe, nilipopaki nyumbani Mkuti,
alilitazama lile neno,
akamtazama bintiye,
akaguna.

Nikacheka na wenye kucheka.
Kofia mpya ni pesa, nilisema,
na lori halitembei kwa kofia.

Nilichokuwa sisemi ni hiki:
kipande kilichobaki kilikuwa upande wangu.

Barabara hii, asiyeiendesha haijui.
Asubuhi unashuka Mtwara, jua liko usoni.
Jioni unarudi Songea, liko usoni.
Halina adabu ya kukaa nyuma hata siku moja.
Na Mfaume, utingo wangu, kushoto,
alibandika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye kioo,
ikapeperuka; akabandika nyingine.
Mimi nikamwambia, unaniziba kioo cha pembeni.
Akaibandua.

Siku niliyoumwa tumbo nikamwachia usukani.
Mnazi Mmoja hadi Mikindani tu.
Nilikaa pale anapokaa yeye.
Nilifumba macho, mwanga ukapita kwenye kope.
Niligeuza shingo, ukanifuata sikioni.
Mfaume hakusema neno, alikuwa anaendesha,
kivulini, taratibu, kama mtu anayebeba mayai.

Jumamosi tukaingia Masasi, gereji ya Nnunduma.
Kofia ilikuja kwa basi kutoka Dar,
imeviringishwa kwenye godoro kuukuu, inanuka plastiki.
Boliti za zamani zilikuwa zimekuwa kitu kimoja na bodi.
Tulizimwagia dizeli, zikalala nayo.
Asubuhi tano zilikubali spana.
Ya sita ikakatwa kwa msumeno,
na Asumpta, mwanafunzi wa fundi,
alikata huku ameng'ata ulimi,
amesimama juu ya bampa, kiatu kimoja tu mguuni.

Washa zikatoka kwenye tyubu ya baiskeli.
Silikoni kwenye matundu, mvua isitudondokee.
Taa tatu ndogo: mbili zikawaka,
ya katikati ikasubiri kupigwa kibao.
"Shika kwako," nikamwambia Mfaume.
Akashika kwake. Mimi kwangu.
Ilikuwa nyepesi kuliko aibu yangu,
hilo nalo sikulisema.

Nnunduma akapangusa vumbi kwa kiganja.
"Tuandike nini?"
Nikamtazama Mfaume. Mfaume akatazama mfuniko wa dizeli.
"Iache," akasema. "Wasome jua."

Tukaondoka na paji tupu.
Kabla ya Chikundi, kando ya barabara,
nikaona herufi nyekundu ninazozijua:
NIPO,
imefungwa kwa kamba ya katani juu ya banda la kuku,
na tetea mmoja chini yake, ameatamia,
hana habari na lori wala mwenye lori.

Nilitaka kumwonyesha Mfaume.
Alikuwa amelala, mdomo wazi,
kivuli kimemfunika hadi kidevuni.
Nikapunguza mwendo kwenye tuta.
Honi sikupiga.